Umeambiwa una uvimbe kwenye tezi ya shingo? Soma hapa kabla hujakimbilia kisu, na kabla hujakikimbia

Mpiga Altrasaundi

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni kupiga picha za altrasaundi, na shingo napima karibu kila siku. Kuna jambo linaniuma sana ndiyo maana nimeamua kufungua uzi huu. Mtu anakuja na fomu imeandikwa "uvimbe wa shingo", anapimwa, anapewa karatasi yake, na kabla hajarudi kwa daktari ameshaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la ukoo. Jioni ukoo mzima umeshatoa hukumu kwamba ni kansa. Wapo wanaouza kiwanja wakatolewe tezi nzima haraka haraka, na wapo wanaokwenda kuchanjwa chale shingoni na hatuwaoni tena mpaka uvimbe umewaziba pumzi. Wote hao karatasi ile ile ingewaonyesha njia, kama wangepata mtu wa kukaa nao dakika chache akawasomea.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imelikumbatia koo la hewa kulia na kushoto. Homoni zake ndizo zinazoendesha kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, hata hedhi. Ndani yake kinaweza kuota kivimbe kimoja au vingi, ndivyo vinaitwa vinundu. Tezi nzima ikikua ndiyo goita, wengine wanaita rovu, na goita nyingi za watu wazima ukizimulika unakuta zimejaa vinundu.

Sasa sikilizeni hili. Kwa kupapasa kwa mkono tu, kwenye maeneo ambayo watu wanapata madini joto (iodini) ya kutosha, wanawake kama 5 kati ya 100 wanakutwa na kinundu, na mwanaume 1 kati ya 100. Ukiweka mashine idadi inapanda mno: tafiti zimekuta kuanzia watu 19 hadi 68 kati ya 100 waliopimwa bila kuchaguliwa, na kadiri umri unavyosogea ndivyo vinavyoongezeka. Kati ya vinundu vinavyofanyiwa uchunguzi, vinavyokutwa na saratani ni 7 hadi 15 kwa 100, kutegemea umri, jinsia, historia ya ukoo na kama mtu aliwahi kupigwa mionzi. Kwa hiyo kuwa na kinundu ni jambo moja, na kuwa na saratani ni jambo jingine kabisa. Swali la kumuuliza daktari ni hili: changu kinafananaje, na kina ukubwa gani?

Nikiweka kifaa shingoni natazama mambo yafuatayo. Kama kimejaa maji matupu, au kina matundu matundu kama sifongo, moyo wangu unatulia, hicho hakina shida. Kama ni kigumu chote, ni cheusi kuliko nyama ya tezi inayokizunguka, kingo zake zimechongoka, na ndani kuna vidoti vidogo vyeupe vya chokaa, hapo napunguza mwendo na kupima mara mbili. Naangalia pia umbo. Kinundu kilichosimama, yaani kirefu kwenda ndani ya shingo kuliko upana wake, kinatia shaka kuliko kilicholala. Kisha napitisha kifaa pembeni mwa shingo kutafuta tezi za limfu zilizobadilika sura.

Kila dalili ina pointi zake, na jumla inakupa namba inayoitwa TI-RADS, kuanzia 1 hadi 5. Mfumo unaotumika sana ni ule wa chama cha madaktari wa radiolojia wa Marekani wa mwaka 2017. Katika takwimu walizouegemeza, TI-RADS 1 na 2 saratani haikufika hata 2 kwa 100. TI-RADS 3 kama 5 kwa 100. TI-RADS 4 kama 9 kwa 100. Na TI-RADS 5 kama 35 kwa 100. Soma hiyo ya mwisho tena. Hata walio kwenye daraja baya kabisa, wengi wao hawakuwa na saratani.

Kingine ambacho watu wanaruka ni kipimo cha damu cha TSH, yaani homoni inayotoka chini ya ubongo kuiamuru thairoidi ifanye kazi. Kinatakiwa kifanyike mwanzoni kabisa. TSH ikiwa chini, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachozalisha homoni kupita kiasi, na vinundu vya namna hiyo ni nadra sana kuwa na saratani. Hapo njia ni kipimo cha skani ya nyuklia, na sindano ya kuchukua seli za kinundu zikapimwe inasubiri. Na dada zangu mnaomeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viacheni siku chache kabla ya kutoa damu na mwambieni daktari, maana kwenye baadhi ya mashine biotini inafanya TSH ionekane imeshuka wakati haijashuka.

Ulizeni. Nitajibu ninayoyajua, na penye haja ya daktari wako nitakuambia nenda.

mama_wawili

Mkuu Mungu akubariki, nimesoma huku natetemeka. Yangu imeandikwa TI-RADS 3, upande wa kulia 1.8 cm, na kingine kidogo kushoto 6 mm. TSH iko sawa. Daktari kasema nirudi baada ya mwaka. Mwaka mzima! Dada yangu ananiambia wananipuuza kwa sababu sina pesa, niende hospitali binafsi wanichome sindano.

Mpiga Altrasaundi

@mama_wawili pole dada, lakini daktari wako hajakupuuza, amefuata mwongozo. TI-RADS 3 huchomwa sindano ikifika 2.5 cm. Kuanzia 1.5 cm inafuatiliwa kwa picha: baada ya mwaka 1, kisha wa 3, kisha wa 5. Hicho cha 6 mm, kama nacho ni daraja hilo, hakihitaji hata kufuatiliwa chenyewe.

Kwa kulinganisha: TI-RADS 4 inachomwa kuanzia 1.5 cm, na TI-RADS 5 kuanzia 1 cm. TI-RADS 1 na 2 hazichomwi.

La kufanya wewe ni kutunza karatasi na picha zako vizuri, uende nazo mwakani. Hakikisha wamepima pande tatu, urefu, upana na kina, kwa sababu kusema "kimekua" kuna kipimo chake: angalau asilimia 20 katika pande mbili, na kila upande uwe umeongezeka 2 mm au zaidi. Tofauti ya milimita moja kati ya mpimaji na mpimaji ni ya mkono tu. Nimeona watu wakilia kwa ajili ya milimita moja.

Mkinga Halisi

Sisi wa Makete tumekulia kwenye haya mambo. Bibi zetu wengi walikuwa na shingo kubwa, wanafunga kanga juu, wanalima ngano na viazi mpaka uzeeni. Hakuna aliyekuwa anasema kansa. Siku hizi watoto wetu hawana. Ni chumvi tu?

Mpiga Altrasaundi

@Mkinga Halisi kwa sehemu kubwa ni chumvi, mzee wangu. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi na upungufu wa madini joto hapa nchini, kwa sababu mvua za milimani zinayaosha kutoka kwenye udongo, na anayekula kilichoota hapo hapo hayapati. Miaka ya 1980 vilianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ichanganywe. Kwa watoto wa shule, goita ilishuka kutoka kama 25 kwa 100 miaka ya 1980 hadi kama 7 kwa 100 mwaka 2004. Hiyo ni kazi kubwa ambayo haitajwi inavyostahili. Kisiwa cha Idjwi kule ziwa Kivu, Kongo, watafiti walikuta mihogo isiyoandaliwa vizuri inazidisha tatizo, kwa sababu sumu yake ikishavunjwa mwilini inazuia tezi kuchukua madini joto kidogo yaliyopo.

Lakini niongeze neno kwa wenye bibi au mama mwenye goita ya siku nyingi. Goita iliyokaa miaka 20 bila shida, halafu ghafla ndani ya wiki chache ikaanza kukua, ikawa ngumu, sauti ikabadilika au akashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, msiseme "ameizoea". Mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo. Na maeneo yenye upungufu wa madini joto huwa na sehemu kubwa zaidi ya saratani ya aina ya folikula kuliko maeneo mengine, kwa hiyo kusema bibi zetu hawakuwa na kansa hatuwezi. Wengi hawakupimwa.

fundi umeme 255

Mimi nitasema ukweli ambao hamtaki. Mjomba wangu alikuwa na uvimbe shingoni, akawa mzima tu anapiga kazi. Walipomchoma hiyo sindano yenu, miezi mitatu akafa. Uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Hili kila mtu mtaani analijua.

Mpiga Altrasaundi

@fundi umeme 255 pole sana ndugu yangu, kumpoteza mjomba kwa kasi hiyo ni jambo zito na sitakubishia uchungu wako.

Nieleze tu sindano yenyewe ilivyo. Ni nyembamba, mara nyingi nyembamba kuliko ya kutolea damu. Mgonjwa analala chali, mto unawekwa chini ya mabega ili shingo ifunguke, mimi namulika na daktari anaingiza sindano huku tunaiona ncha yake kwenye kioo ikiingia ndani ya kinundu. Anaichezesha mbele na nyuma sekunde chache, anaitoa, anamwaga tone kwenye vioo viwili vitatu na kulitandaza. Mgonjwa anaambiwa tu asimeze mate wala asiongee wakati sindano iko ndani. Anashikilia pamba, anakwenda nyumbani. Visa vya seli za saratani kuachwa kwenye njia ya sindano vipo vilivyoandikwa, ila ni nadra mno.

Ila kuna saratani ya thairoidi inaitwa anaplastiki. Ni chache sana kati ya saratani zote za tezi hii, inawapata zaidi watu wa miaka 60 kwenda juu, inakua kwa wiki na wengi hawamalizi mwaka, wawe wamechomwa sindano au hawakuchomwa. Wengi wanafika hospitali pale uvimbe unapoanza kukimbia, sindano inachomwa siku hizo hizo, na msiba unafuata. Sijui ya mjomba ilikuwa ipi, lakini mfuatano wa namna hiyo ndio uliolea imani hii mtaani. Na imani hii inawafanya watu wenye saratani ya kutibika wakae nayo nyumbani. Naomba tuisitishe hapa.

Rift Valley Yetu

Hamjambo wote, mimi niko Nakuru. Mke wangu ana miaka 38, kinundu 2.2 cm, sindano imefanywa na majibu ni Bethesda III. Daktari wa kwanza amesema tezi yote itolewe mwezi ujao. Nimeuliza hii Bethesda III ni kansa ama si kansa, akasema "hatuwezi kujua". Nimeshtuka, inawezekanaje mtu atolewe kiungo bila kujua?

Mpiga Altrasaundi

@Rift Valley Yetu shemeji swali lako ni zuri. Bethesda ni mji wa Maryland, Marekani, ambako wataalamu walikutana mwaka 2007 wakakubaliana lugha moja ya kuandika majibu ya sindano. Madaraja ni sita. I ni kwamba seli hazikutosha, rudia. II si saratani, uwezekano ni kama 4 kwa 100. III ni seli zisizoeleweka, kama 22 kwa 100. IV kama 30, V kama 74, na VI kama 97 kwa 100. Ni wastani wa toleo la mwaka 2023.

Kwa hiyo III ni njia panda kweli, daktari hakudanganya. Lakini njia panda ina njia zaidi ya moja. Kwa kawaida yanayozungumzwa ni kurudia sindano baada ya muda, kupeleka vioo vilevile kwa mtaalamu mwingine wa patholojia asome upya, au upasuaji wa kutoa nusu ya tezi, yaani upande wenye kinundu tu. Kwenye nchi zilizoendelea kuna pia vipimo vya vinasaba vya seli hizo, ghali sana na huku kwetu si rahisi kuvipata. Kuchagua kati ya hayo kunategemea picha ya altrasaundi ilisemaje: III yenye TI-RADS 3 si sawa na III yenye TI-RADS 5.

Mwulize daktari wenu kwa heshima: "Kwa nini yote, na si upande mmoja?" Inawezekana ana sababu, kama vinundu vingine vikubwa upande wa pili au TSH iliyovurugika. Akiwa nayo ataieleza. Na kutafuta maoni ya daktari bingwa wa pili si kumvunjia heshima wa kwanza.

Kuna mtu atauliza kwa nini sindano ishindwe kujua. Ni kwa sababu uvimbe wa folikula wa kawaida na saratani ya folikula vina seli zinazofanana. Tofauti iko kwenye ganda: je, seli zimelitoboa au zimeingia kwenye mishipa ya damu? Hilo huwezi kuliona kwenye tone la sindano, mpaka kinundu kitolewe kizima kikatwe vipande na kusomwa.

Bahari Tiba

Wapendwa msihangaike na visu. Mwani wa Zanzibar safi una madini joto ya asili, unayeyusha vinundu vyote ndani ya siku 40. Inbox kwa oda, tunatuma mikoani.

Mpiga Altrasaundi

@Bahari Tiba hapana. Mwani una madini joto mengi sana, na kiasi chake hakijulikani kutoka kifurushi hadi kifurushi. Mtu mwenye goita ya vinundu vingi akimiminiwa madini joto kwa wingi, vile vinundu vinaweza kuanza kuzalisha homoni bila breki: moyo unakimbia, mikono inatetemeka, anakonda, na kwa mzee moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Nawaheshimu sana kina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani, lakini mwani haujathibitika kuyeyusha kinundu chochote. Chumvi yako ya jikoni yenye madini joto inatosha. Naomba msimamizi wa jukwaa aliangalie hili tangazo.

Tukiwa hapo hapo, wapo pia wanaopewa levothairoksini, vidonge vya homoni ya thairoidi, ili "kusinyaza" kinundu wakati homoni zao ziko sawa. Zamani ilifanyika sana. Miongozo ya sasa haishauri kuifanya kama desturi, kwa sababu faida ni ndogo na moyo na mifupa vinalipa gharama.

Msafiri Kimya

Sikutaka kuandika ila naona hapa watu wanajibiwa vizuri. Mwanaume, 52. Uvimbe upande wa kushoto, mgumu, hauumi. Nina kama miezi miwili sauti imekwaruza, nikadhani mafua. Juzi nimegusa na kitu kingine kidogo juu yake, chini ya taya. Homoni niliambiwa ziko sawa. Nisubiri niangalie?

Mpiga Altrasaundi

@Msafiri Kimya kaka yangu, usisubiri. Siwezi kusema una nini, lakini ulivyotaja vinne kwa pamoja, mwanaume, ugumu, sauti kukwaruza na tezi nyingine pembeni, ndivyo vinavyotufanya tuharakishe. Homoni kuwa sawa hakumaanishi chochote hapa, wagonjwa wengi wa saratani ya thairoidi homoni zao ziko sawa kabisa. Wiki hii tafuta daktari wa masikio, pua na koo au bingwa wa upasuaji, mwambie habari ya sauti kwanza ili aangalie nyuzi za sauti kwa kamera, kisha altrasaundi ya shingo yote, pamoja na pembeni. Omba sindano ichukuliwe pia kwenye hiyo tezi ya pembeni ikionekana imebadilika.

Na wengine mnaosoma: ongezeni kwenye orodha hiyo aliye chini ya miaka 20 au zaidi ya 70, aliyepigwa mionzi shingoni au kichwani utotoni, na mwenye ndugu wa damu aliyepata saratani ya thairoidi, hasa ile ya aina ya medula ambayo huweza kurithiwa. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 ni watoto walioumia zaidi, walikunywa maziwa yenye madini joto ya mionzi na maelfu wakapata saratani hii miaka iliyofuata.

Nimevuka

@Msafiri Kimya kaka nenda, na usiogope. Mimi ilikuwa saratani ya aina ya papilari, 3 cm, na tezi mbili za pembeni zilikuwa nazo. Nimetolewa tezi yote, nikapewa dawa ya madini joto yenye mionzi ya kuua seli zilizobaki, na leo nauza dukani kwangu kama kawaida.

Niseme vitu ambavyo hakuna aliyeniambia kabla. Siku ya pili baada ya upasuaji vidole vilianza kufa ganzi na midomo kuwashawasha kama sindano. Nikadhani ni hofu. Kumbe ni kalsiamu imeshuka, kwa sababu vile vitezi vidogo vinne vilivyo nyuma ya thairoidi hupata mshtuko. Mwambie nesi hapo hapo usijikaze. Nilipewa kalsiamu, ikatulia baada ya wiki kadhaa. Sauti yangu ilikuwa ya chini chini kwa muda kisha ikarudi, kwaya sijaiacha.

Kabla ya ile dawa ya mionzi unakatazwa chumvi yenye madini joto, samaki wa baharini, dagaa, maziwa na mayai. Nilikula ugali na mchicha wenye chumvi ya mawe isiyochanganywa mpaka nikachoka. Baada ya kuimeza unakaa mbali na watoto na wajawazito siku kadhaa. Mwanangu mdogo alikuwa anakaa mlangoni ananisimulia ya shule.

Sasa ni kidonge cha homoni ya thairoidi kila asubuhi, maji matupu, chai baada ya nusu saa au saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu au kalsiamu ni mbali, masaa manne.

Bint Pangani

@Nimevuka dada hongera sana. Je Ramadhani unafanyaje na kidonge cha asubuhi? Mama yangu anatumia na mwaka jana aliacha mwezi mzima, akavimba uso na kulala lala.

Nimevuka

@Bint Pangani mimi ni Mkristo mpenzi, labda mkuu ajibu.

Mpiga Altrasaundi

@Bint Pangani asiache hata kidogo, kuacha mwezi mzima ndiko kulikomlaza. Njia mbili zinazotumika sana: anywe wakati wa kufuturu kwa maji tu, asubiri nusu saa au zaidi ndipo ale, au anywe usiku kabla ya kulala, ikiwa yamepita masaa matatu tangu ale mara ya mwisho. Achague anayoweza kuishika kila siku, na amwambie daktari wake kabla mwezi haujaandama. TSH ikapimwe wiki 6 hadi 8 baadaye.

Ghubra Boy

Salaam kutoka Muscat. Huku kuna vifurushi vya kupima mwili mzima, na altrasaundi ya shingo imo. Familia nzima inataka kupima, hakuna anayeumwa. Mnashauri?

Mpiga Altrasaundi

@Ghubra Boy wa alaykum salaam. Kama hakuna mwenye dalili, hakuna aliyepigwa mionzi utotoni na hakuna historia ya ukoo, usiwapime shingo. Najua inashangaza kuisikia kwa mtu anayeishi kwa kazi hiyo.

Korea Kusini iliyapitia haya kwa nchi nzima. Mwaka 1999 serikali ilianza mpango wa kupima saratani mbalimbali. Thairoidi haikuwamo, lakini hospitali nyingi ziliongeza altrasaundi ya shingo kwa pesa kidogo. Kufikia 2011 waliogunduliwa na saratani ya thairoidi walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Vifo havikubadilika. Yaani walivumbua vijisaratani vidogo ambavyo vingi visingewadhuru, na karibu wote walipasuliwa, wakabaki na vidonge vya maisha, baadhi wakapoteza sauti. Madaktari wao walipopaza sauti 2014 upasuaji ulishuka sana. Mwaka 2017 jopo la Marekani linaloshauri juu ya uchunguzi wa kinga likatamka wazi kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe.

Japani nao, Hospitali ya Kuma mjini Kobe, tangu 1993 wamekuwa wakiwapa wenye saratani ya papilari isiyozidi 1 cm nafasi ya kufuatiliwa bila kukatwa. Katika miaka 10, kama 8 kwa 100 ndio uvimbe uliongezeka 3 mm au zaidi, na wasiofika 4 kwa 100 ndio walipata kwenye tezi za limfu. Hao wakapasuliwa wakati huo. Katika wagonjwa zaidi ya 1,000 walioripotiwa hakuna aliyefariki kwa saratani hiyo.

Hii si ruhusa ya mtu mwenye uvimbe unaoonekana kukaa nyumbani. Kama unataka kuangalia nyumbani, simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa maji funda moja. Kinachopanda na kushuka unapomeza kiko kwenye tezi. Ukikiona, nenda.

Msafiri Kimya

Nimepata nafasi Alhamisi, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mke wangu amesoma uzi wote, amenishika mkono. Asanteni.

Mpiga Altrasaundi

@Msafiri Kimya vizuri sana kaka. Nenda na majibu yote ya zamani, hata yale ya homoni. Na hata ikithibitika, wengi wa wenye saratani hii wana papilari. Kule Marekani, kati ya wale ambao saratani yao imegunduliwa ikiwa bado ndani ya tezi, zaidi ya 99 kwa 100 wako hai baada ya miaka 5, na iliyofika kwenye tezi za shingo nayo inatibika vizuri. Tuko pamoja nawe.

mjamzito_first born

Samahani kwa kuchelewa. Nina mimba ya wiki 16, kliniki wameona kinundu 1.6 cm, TI-RADS 4. Naogopa sindano itamdhuru mtoto.

Mpiga Altrasaundi

@mjamzito_first born mdogo wangu, altrasaundi na sindano hiyo ni salama wakati wowote wa ujauzito. Kisichoruhusiwa ni skani ya nyuklia na dawa ya madini joto yenye mionzi, kwa hiyo popote utakapokwenda sema kwanza kwamba una mimba. TSH yako ipimwe sasa hivi, mtoto anategemea homoni zako hasa miezi hii ya mwanzo. Sindano ikionyesha saratani ya papilari isiyokimbia, upasuaji kwa kawaida husubiri mpaka ujifungue na unafuatiliwa kwa picha. Ikionekana inakua haraka au imefika kwenye tezi za shingo, muhula wa pili, ambao ndio uliopo, ndio wakati unaofaa zaidi kwa upasuaji. Kwa hiyo usiisogeze sindano mbele. Waombe kliniki ya wajawazito wakuandikie rufaa leo, na uniandikie hapa Bethesda ikitoka.